Nyama ya Emburuo

Mimi ni mtu wa kusahihisha watu. Nafundisha baiolojia katika shule ya kutwa hapa Kitengela, na kazi hiyo imeniharibu tabia. Mtu akiniambia ameshikwa na mafua kwa sababu alinyeshewa, siwezi kunyamaza. Lazima nimwambie ni virusi, mvua haina hatia. Mume wangu husema siku nikizikwa nitainuka kusahihisha tarehe kwenye msalaba. Naandika haya nikijua vizuri kwamba katika wiki ninayotaka kuisimulia, aliyehitaji kusahihishwa alikuwa mimi, na binti yangu wa miaka saba alikaribia kufa kwa sababu hiyo.

Jumapili ile ilianza na nyanya. Nyuma ya nyumba tunayokodi nina kibanda cha nailoni chenye mashina kama sitini, ndicho starehe yangu na kiburi changu pia, kwa sababu udongo mweusi wa hapa haumpi mtu kitu bila kugombana naye. Mchana huo nilikuta mashina matatu yamelegea. Majani yalikuwa bado mabichi, na chini kulikuwa na unyevu wa kutosha. Mtu mwingine angeongeza maji. Mimi nilikata kipande cha shina, nikakitumbukiza ncha ndani ya glasi ya maji safi, nikaiweka dirishani na kumwita binti yangu aone.

Baada ya dakika chache uzi mweupe ulianza kuteremka kutoka kwenye shina, taratibu, kama maziwa yanayovuja.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Bakteria. Wengi kuliko watu wote wa Kenya."

"Wanakula nyanya?"

Nikamweleza kwamba waliingia kupitia mizizi, pengine pale nilipoijeruhi kwa jembe, wakapanda kwenye mifereji inayopeleka maji juu, wakazaana na kutoa utelezi. Nyanya haina askari wa kutembea mwilini kama sisi. Kila seli inajilinda pale ilipo. Mara nyingine seli zilizo karibu na adui hujiua zenyewe ili asipate pa kupita, ndiyo unaona jani lina doa dogo kavu na mmea unaendelea kuishi. Lakini adui akishaingia kwenye mifereji, nyanya huiziba mifereji yake yenyewe ili asisambae, na ikishaiziba, inakufa kwa kiu huku imesimama kwenye udongo wenye maji.

Alifikiri kidogo. "Hiyo ni ujinga," akasema.

Nilicheka. Niliyang'oa yale mashina, nikayachoma, nikakiosha kisu mara mbili kwa maji ya klorini, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko na kumkataza mtoto asikanyage hapo tena. Alikuwa ameingia kibandani na mimi amevaa nguo isiyo na mikono, na majani ya nyanya yanawasha, kwa hiyo alikuwa anajikuna kila mahali. Niliona amejikwaruza kwa ukucha juu ya jicho la kulia, mstari mdogo mwekundu kwenye kope. Sikusema kitu. Mtoto kujikwaruza si habari.

Alasiri shemeji yangu alisimamisha pikapu nje ya geti bila kuzima injini. Yeye hununua na kuuza mifugo soko la Bisil, na siku hiyo alikuwa na mbuzi wa kupeleka Nairobi. Alinipa gunia la nailoni lenye nyama.

"Shemeji, hiyo ni ya nyumbani. Ng'ombe moja ilianguka leo asubuhi, tukachinja haraka."

"Ilianguka na nini?"

"Si unajua kiangazi."

Nilijua. Mvua ilikuwa imechelewa, ng'ombe walikuwa wanaanguka kila mahali kwa njaa, na hakuna aliyekuwa akiuliza mara mbili. Akaondoka.

Haikupita saa moja, mama mkwe akapiga simu. Anaishi ng'ambo ya Bisil, mahali ambapo mtandao hushikika tu ukisimama karibu na zizi la mbuzi, na hata hapo hushikika kwa vipande. Tulisalimiana kama kawaida, yeye "Takwenya," mimi "Iko," kisha akaingia kwenye jambo lake bila kuzunguka, na hiyo peke yake ingepaswa kunishtua.

"Nyama imefika?"

"Imefika, Yeyo." Ndivyo ninavyomwita: mama.

"Hiyo nyama iko na emburuo. Umesikia? Emburuo."

Neno hilo nililijua. Lilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza ya Kimaasai niliyojifunza. Wiki niliyopelekwa kwake kuonyeshwa kama mchumba, nilikaa ndani ya nyumba yake nikitokwa na machozi, yeye akanicheka, akanyoosha kidole kwenye moto uliokuwa ukifuka, na akasema polepole kama anayemfundisha mtoto mdogo: emburuo. Moshi. Baadaye nililisikia tena akiwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha oloirien, mti ambao moshi wake huzuia maziwa yasiharibike. Nilimwambia siku hiyo, kwa ualimu wangu, kwamba moshi huo unaua bakteria. Aliitikia kwa kichwa.

Na kwetu magharibi nyama ya moshi si jambo dogo. Ng'ombe akichinjwa, vipande huning'inizwa juu ya meko siku nyingi mpaka viwe vyeusi na vigumu, kisha hupikwa taratibu kwa munyu wa majivu, na mgeni anayepewa hiyo anajua anapendwa. Kwa miaka tisa nilikuwa nikiwaambia watu wa mume wangu kwamba nyama yao ni tamu, ila haijui moshi. Kwa hiyo niliposikia neno lile nilifikiri wamenikumbuka.

"Nimesikia, Yeyo. Emburuo. Ashe oleng," nikasema. Asante sana.

Alisema maneno mengine mengi kwa Kimaasai, nusu yakamezwa na mtandao, na nusu iliyobaki sikuielewa. Nikafanya nilivyozoea kufanya kwa miaka yote hiyo. Nikaitikia "ee, ee" mahali alipopumzika. Akaridhika. Nikakata simu nikitabasamu.

Nyama yenyewe ilikuwa mbichi na nyeusi kidogo. Niliamua wameianza tu na moshi, mimi nitaimalizia. Gunia lilinuka moshi, lakini kila kitu kinachotoka kule hunuka moshi. Damu iliyokuwa chini ya gunia ilikuwa nzito, ya rangi ya lami, na haikuwa imeganda, na mimi, mwalimu wa baiolojia, niliitazama nikajitafutia maelezo: ni joto la barabarani. Nilikata vipande kwa kile kisu nilichokiosha mara mbili kwa ajili ya nyanya. Binti yangu alinishikia beseni. Mara kwa mara alipandisha mkono kujikuna kope, akajipaka damu usoni, nikamfuta kwa kitambaa na kumwambia aache kujikuna.

Nusu tuliichemsha saa mbili nzima, tukala. Nusu nyingine nikaitia kwenye friji niimalizie na moshi wikendi. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mkarimu anayenipa mboga kila wiki, alichungulia na kuuliza kunapikwa nini kinachonukia hivyo. Nikamwambia maharagwe. Nyama ya moshi haigawanywi ovyo. Huo uchoyo ndio jambo la pekee nililofanya sawasawa wiki hiyo.

Jumanne asubuhi kulikuwa na kipele kwenye kope, pale pale kwenye mkwaruzo. Kilimwasha. Jumatano kilikuwa lengelenge lenye maji, na kope limefura. Nilimpeleka kliniki ya mtaani.

"Nadhani ni Nairobi fly," nikamwambia daktari kabla hajauliza. Hapa kwetu kila mtu anamjua yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ambaye ukimponda kwenye ngozi anakuunguza. Daktari, kijana mpole, aliangalia na kukubaliana nami. Simlaumu. Nilikuwa nimemwandikia jibu.

"Inauma?" akamwuliza mtoto.

"Haiumi. Inawasha tu."

Wote wawili tulifurahi kusikia hivyo. Akatuandikia krimu.

Alhamisi alipoamka, jicho lilikuwa limefungwa kabisa. Lengelenge lilikuwa limepasuka na katikati pake palikuwa peusi, peusi hasa, kama kipande cha mkaa kilichobandikwa, na pembeni vilengelenge vidogo vimekizunguka. Uvimbe ulikuwa umeshuka kwenye shavu mpaka kwenye taya. Nilipougusa ulikuwa laini, ukabonyea kama unga wa chapati. Nilisubiri alie. Hakulia. Aliomba uji, akanywa kikombe kizima, akiniangalia kwa jicho moja.

Hapo ndipo nilipoogopa. Ningeelewa kilio. Lakini uso wa mtoto unafura hivyo, ngozi inakufa mbele ya macho yangu, na yeye anauliza kama kuna sukari ya kuongeza. Nilimpigia mume wangu. Anaendesha lori la masafa marefu na siku hiyo alikuwa kati ya Voi na Mombasa, simu haikupatikana. Nikampigia mama mkwe, si kwa sababu nilikuwa na wazo lolote, bali kwa sababu nilitaka mtu mzima anisikie.

Nilimweleza kwa Kiswahili rahisi. Mtoto amefura uso. Hakunijibu hilo. Aliuliza jambo jingine.

"Ile nyama mlizika wapi?"

"Kuzika?"

"Nyama ya emburuo. Si niliambia wewe uzike mbali, mbwa isifukue."

"Yeyo," nikasema, "tulikula."

Nilidhani mtandao umekatika. Nilisikia mbuzi.

"Hiyo kidonda iko nyeusi katikati?"

"Ndiyo."

"Inauma?"

"Haiumi."

"Lete yeye Kajiado. Sasa. Usipeleke Nairobi, watauliza maswali mingi. Kajiado wanajua hii. Mimi natoka."

"Lakini emburuo ni moshi," nikasema. Sijui kwa nini nilitaka kubishana wakati huo. Nadhani nilitaka neno libaki na maana niliyoijua.

"Ni moshi. Na ni ugonjwa. Ng'ombe inaanguka tu, damu inatoka nyeusi, haikauki. Mimi nilifika wakiwa wamemaliza kuchinja. Nikaona bandama imefura, nyeusi. Gunia yako ilikuwa imeenda."

Ng'ombe anaanguka ghafla. Damu nyeusi isiyoganda. Kidonda cheusi kisichouma. Kimeta. Kila mwaka nasimama mbele ya darasa, nachora vijiti vidogo vimepangana ubaoni, na kuwauliza wanafunzi dalili zake, na anayekosa namrudisha kitini kwa maneno makali. Nilikuwa nimempikia binti yangu kimeta kwa saa mbili na kumwambia ale, ni chakula cha heshima.

Nilibisha mlango wa jirani, yule wa maharagwe. Ana gari dogo la zamani. Hakuuliza kitu alipomwona mtoto, alichukua funguo. Kabla hatujatoka nilichukua kalamu ya wino nikachora mstari shingoni mwa binti yangu, pale uvimbe ulipoishia, chini kidogo ya taya. Alicheka, akasema namtekenya.

Kuanzia hapo sikuwa na kazi nyingine ila kuutazama ule mstari na kukumbuka. Kujua kulinisaidia kidogo na kunitesa zaidi. Nilijua kwamba kiini cha kimeta kinaweza kulala ardhini miaka mingi ndani ya ganda gumu, kikingoja. Kiangazi kikikaza na nyasi zikawa fupi, ng'ombe hung'oa nyasi pamoja na udongo, na humo ndimo anamokipata. Binti yangu alikipata kwa mlango uliofunguliwa na ukucha wake. Ngozi ndiyo boma letu la kwanza, na ilikuwa na ufa wa nusu sentimita. Ndani kulikuwa na askari, chembe nyeupe, zinazomeza kila kigeni kinachoingia. Askari walifanya kazi yao, wakakimeza. Kimeta kinataka kumezwa. Huamka ndani ya tumbo la askari, na askari mwenyewe hukibeba mpaka kwenye tezi. Kikitoka, kimevaa joho linalowafanya askari wengine wasikitambue, na kinaanza kutoa sumu ya vipande vitatu: kimoja kinafungua mlango wa seli, cha pili kinazilazimisha seli zimwage maji, cha tatu kinawaua askari. Ule ulaini niliougusa shavuni ulikuwa maji ya mwili wake mwenyewe, yaliyomwagwa kwa amri ya adui.

Nilimwonyesha jirani kwa ishara aongeze mwendo. Karibu na Isinya tulikuta ng'ombe wanavuka barabara, mamia, wamekonda, mbavu zinahesabika, na mchungaji hakuwa na haraka yoyote. Jirani alipiga honi. Mimi nilimgeuza mtoto shingo. Uvimbe ulikuwa umepita mstari kwa upana wa kidole.

Nikachora mwingine. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nzito, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni. Nilimwomba ahesabu ng'ombe kwa sauti ili nimsikie anavyopumua. Alihesabu hadi arobaini na kitu, akachoka.

Kajiado, hospitalini, muuguzi wa mapokezi alimtazama mtoto mara moja na hakuuliza jina.

"Mmekula nyama ya wapi?" akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Mambo yalikwenda haraka: pamba ya kuchukua maji ya kidonda, sindano ya penisilini, dripu, maswali kuhusu mimi mwenyewe, na vidonge vyangu vya siku nyingi kwa kuwa nami nilikula. Penisilini ni silaha ya ukungu, jamii ya ule unaoota kwenye mkate, uliyoibuni kwa vita vyake na bakteria muda mrefu kabla yetu. Sisi tumeiazima tu. Niliyawaza hayo nikiitazama ikiingia kwenye mshipa wa mkono mdogo ule, nikaiomba ifanye kazi, kama vile inasikia Kiswahili.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno ya kupamba. Alinivuta kando.

"Mwalimu, nakuambia ukweli. Dawa itaua viini, mpaka kesho vingi vitakuwa vimekufa. Lakini sumu iliyokwisha kutoka, dawa haiigusi. Atazidi kufura kesho, pengine na keshokutwa. Tunaangalia koo. Ikibana, tutamtoboa hapa apumue." Akagusa shingo yake mwenyewe. "Kuchemsha saa mbili pengine kumewaokoa matumbo. Hapo nyinyi wote wawili mmepona."

Mama mkwe alifika alasiri hiyo hiyo. Alinivua sweta iliyokuwa imelowa jasho na uji, akanifunga shuka yake mabegani, akakaa kwenye benchi upande wa pili wa kitanda. Shemeji alikuja naye. Alisimama mlangoni, mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa, na chini ya kitambaa alikuwa na kidonda cheusi kama cha mwanangu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nilipouona ule mkono sikuwa nayo tena. Muuguzi alimpeleka wodi ya wanaume.

Ijumaa asubuhi uvimbe ulivuka mstari wa tatu. Mchana ukafika juu ya kifua. Uso wake haukuwa na umbo nililolijua. Nilimtambua kwa masikio. Joto lilipanda, na daktari akaniambia joto ni lake mwenyewe, ni mwili unapigana, tusilishushe kupita kiasi. Kila pumzi ilikuwa na mlio mwembamba mwishoni. Karibu saa saba muuguzi alileta trei iliyofunikwa kitambaa cha kijani, akaiweka juu ya kabati kando ya kitanda, akatoka bila kusema ni ya nini. Sikuhitaji kuambiwa. Nilianza kuhesabu pumzi. Ishirini na nane kwa dakika. Thelathini. Thelathini na mbili.

Nilimkasirikia kila mtu saa ile. Nilimkasirikia shemeji na haraka yake, mume wangu na barabara zake, mvua iliyochelewa. Nilizunguka hivyo mpaka walaumiwa wakaniishia, nikabaki na yule mmoja.

"Yeyo," nikasema, bila kuondoa macho kwenye kifua cha mtoto. "Ile siku ya simu. Sikuelewa."

"Ulisema umesikia."

"Nilisema. Huwa nasema."

Alinigeukia.

"Huwa nasikia maneno mawili, matatu. Mengine nasema ee tu. Sikutaka uone mwanao ameoa mtu asiyeweza kuongea na wewe."

"Miaka yote?"

"Yote."

Alinyoosha mkono, akaurudisha mguu wa mtoto ndani ya blanketi. Thelathini na mbili bado.

"Ile siku ya harusi," akasema, "mama yako alinishika mkono, akaongea na mimi Kiswahili ya haraka, mrefu sana. Alikuwa analia. Mimi nilisema ndiyo, ndiyo. Mpaka leo sijui nilikubali nini."

Nilicheka kwa sauti mbaya iliyogeuka kilio kabla haijafika mwisho, na muuguzi akachungulia. Mama mkwe hakucheka wala hakulia. Alisema tu kwamba kuanzia sasa akiniambia jambo, nitamrudishia kwa maneno yangu, na yeye atafanya vivyo hivyo. Tukaanza pale pale. Aliniambia kwa Kimaasai kwamba trei ile haitafunguliwa. Nilimrudishia. Alisema nimekosea neno moja, akalisema tena, nikalirudia.

Haikufunguliwa. Saa tisa pumzi zilikuwa thelathini na mbili, saa kumi thelathini. Jumamosi asubuhi uvimbe ulikuwa bado kwenye mstari wa nne, haujauvuka. Nilipima kwa ukucha mara tatu kwa sababu sikujiamini. Jumapili ulikuwa umerudi nyuma kwa upana wa vidole viwili, na ngozi ya shingo ilikuwa na mikunjo, kama nguo iliyovuliwa na mtu mnene. Mume wangu alifika siku hiyo, akasimama, akamwangalia mtoto, akatoka nje kwa muda mrefu. Maafisa wa mifugo walikwisha kwenda Bisil kuufukia mzoga kwa chokaa na kuchanja ng'ombe waliobaki. Wa afya walikwenda Kitengela wakaichukua nyama ya friji, jirani akiwafungulia mlango. Ndipo alipojua kwamba hayakuwa maharagwe.

Kipande cheusi kilibaki palepale kwenye kope, kimekauka. Daktari alisema kitaanguka chenyewe baada ya wiki kadhaa, kitaacha kovu, na kope linaweza kujivuta likashindwa kufunga vizuri. Huenda akahitaji upasuaji akikua kidogo. Kuhusu jicho lenyewe hangeweza kusema lolote mpaka lifunguke.

Jumatatu, baada ya chai, nilikuwa nikimfuta kope kwa pamba na maji ya vuguvugu. Utando ukaachia. Kope likapanda kidogo, likatetemeka, na katikati ya mwanya nikaona mboni ya jicho ikisogea, ikinitafuta.

"Mama, nakuona na hii pia."

Nikaendelea kufuta.

"Mama. Ni mimi nilishika nyama vibaya?"

Kumbe alikuwa amelala na swali hilo siku zote zile, kimya, huku sisi tukihesabu pumzi zake.

"Hapana. Wewe hukufanya kitu," nikasema. "Koko aliniambia tusile. Aliniambia kwa neno ambalo sikulielewa, nami nikamwambia nimeelewa."

Alinitazama kwa macho yote mawili, moja zima na moja la mwanya.

"Si ungeuliza tu," akasema.

Koko mwenyewe, nyanya yake, aliyekuwa akikunja blanketi upande wa miguu ya kitanda, hakuinua kichwa. Nilichovya pamba tena, nikaendelea kumfuta, kwa sababu jicho lilikuwa bado linatoa maji.